Redio ifundishwe pale inapokwama

Mashariki ya Mwingi, nchi inaposhuka kuelekea Mto Tana, kuna vilima vilivyosimama kila kimoja peke yake juu ya tambarare kavu: Nuu, Mutitu, Endau, na Mumoni kule kaskazini. Kwa mgeni anayepita na gari hayo ni mandhari tu. Kwa mawimbi ya FM ni kuta. Boma lililo upande mmoja wa kilima linaweza kupata stesheni ya Kikamba bila tatizo lolote, na boma la upande wa pili, si mbali kwa miguu, likapata mkwaruzo mtupu. Mtoto wa huko anayajua haya kabla hajaanza shule. Anajua redio ikikaa juu ya kabati haishiki, ikisogezwa dirishani inashika. Anajua kuna mahali pa kusimama ukitaka simu ipate mtandao, na kwamba ukienda hatua chache kando mtandao unapotea. Anajua kuna stesheni zinazosikika usiku tu. Huo ni ushahidi mwingi wa kisayansi mikononi mwa mtu ambaye bado hajui kusoma, na hakuna anayemwuliza habari zake. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa Nuu, na wa Ukambani kwa jumla, aelezwe redio kuanzia pale inapokwama. Redio inayofanya kazi haimfundishi mtu chochote kuhusu redio. Inaongea tu.

Maelezo tunayowapa watoto siku hizi huanzia upande wa pili. Mtoto akiuliza mtangazaji ameingiaje ndani ya kisanduku kile, huambiwa kwamba hakuna mtu humo, ni sauti yake inayosafiri hewani. Jibu hilo linasikika kama la busara, lakini ni bovu kuliko kosa la mtoto mwenyewe. Tulipime. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Nuu, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 170. Kama kinachosafiri ni sauti, taarifa ya habari ya saa moja jioni ingefika Nuu saa moja na dakika nane, tena njiani ingepita Thika, Matuu na Mwingi kila mtu akiisikia bila ya kuwa na redio. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, mwanafunzi wa gredi ya 6 anaiweza. Mtoto anayeamini kuna vijitu ndani ya redio angalau ana dhana inayopimika: afungue kisanduku atazame. Aliyeambiwa kwamba sauti inasafiri hewani amepewa kitu asichoweza kukipima wala kukikanusha, na kwa kuwa kimetoka kwa mtu mzima, anaacha kuuliza.

Ukweli ni kwamba sauti ya mtangazaji haitoki chumbani mwake. Inaishia kwenye maikrofoni, ambamo utando mwembamba unatikiswa na maneno, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme. Umeme huo unapelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo, unapachikwa juu ya mkondo mwingine wa umeme unaokwenda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde katika vyuma vya mnara, na ni kule kwenda na kurudi kunakozaa wimbi la redio. Wimbi hilo ni la jamaa moja na mwanga. Halina sauti ndani yake wala halihitaji hewa, na ndiyo sababu waliotua mwezini mwaka 1969 waliweza kusikika duniani ilhali huko walikokuwa hakukuwa na hewa ya kubeba hata kunong'ona. Likiigonga antena ya redio kule Nuu, linautikisa umeme uliomo ndani ya chuma kile, kidogo sana, kwa mwendo uleule uliotoka nao mnarani. Redio inachagua mwendo mmoja kati ya mingi inayoifikia. Ni kama bembea, ambayo hupanda juu ukiisukuma kwa wakati wake na hukataa ukiisukuma ovyo. Kisha redio inaukuza mwendo huo kwa nguvu ya mawe yake, yaani betri, inalitenga umbo la maneno na kulipeleka kwenye spika. Spika ina sumaku, waya uliozungushwa, na karatasi ngumu. Waya unavutwa na kusukumwa, karatasi inatikisa hewa, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Sauti inayosikika mezani Nuu haijawahi kuwa Nairobi. Imetengenezwa palepale.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini yakisemwa hivyo darasani, mtoto ataamini kwa sababu mwalimu amesema, kama alivyoamini lile la kwanza. Anahitaji kitu cha kumlazimisha akubali. Ukambani kitu hicho huja chenyewe, pamoja na mvua za Novemba na zile za Machi na Aprili. Chukua redio ya mawe yenye swichi ya AM, uiweke ndani ya nyumba, uizungushe mpaka mahali pasipo na stesheni, kisha ungoje radi ipige mbali huko kwenye tambarare. (Ndani ya nyumba, nasisitiza; haya si mambo ya kufanyia kilimani wala chini ya mti.) Umeme wa radi unapomulika, redio inakwaruza papo hapo. Ngurumo inakuja baadaye. Kama radi imepiga kilomita 5 kutoka hapo, ngurumo itachelewa karibu sekunde 15, muda wa kutosha watoto wote kuhesabu kwa sauti. Vitu vitatu vimetoka mahali pamoja kwa wakati mmoja: mwanga, mkwaruzo na ngurumo. Viwili vimefika pamoja, kimoja kimebaki nyuma. Hakuna kifaa cha maabara kitakachomwonyesha mtoto kwa uwazi zaidi kwamba kinachoingia ndani ya redio kinakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwamba sauti ni kitu kingine kabisa. Na tazama tulichotumia: mkwaruzo, yaani redio inapoharibika.

Mtoto mwerevu atauliza mbona mkwaruzo huo haupo kwenye FM, au upo kidogo tu. Swali hilo ndilo lililomsumbua Mmarekani Edwin Armstrong miaka mingi, akapata hataza za mfumo wa FM mwaka 1933. Katika AM, maneno hupachikwa kwenye ukubwa wa wimbi. Radi nayo huongeza ukubwa wa wimbi, na redio haiwezi kutofautisha radi na mtangazaji. Armstrong akayapachika maneno kwenye wingi wa mitikisiko kwa sekunde, jambo ambalo radi haiwezi kuliiga kwa urahisi. Lakini mfumo huo unataka nafasi pana, na nafasi pana ilipatikana juu kabisa, mawimbi yanapokuwa mafupi. Stesheni za FM za Kenya ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Gawanya 300 kwa namba unayoiona kwenye kioo cha redio na utapata urefu wa wimbi kwa mita: stesheni ya 100 FM ina wimbi la mita 3. Stesheni ya AM ya kilohezi 1,000 ina wimbi la mita 300. Tumeondokana na mkwaruzo wa radi, tukakaribisha tatizo la kilima.

Kwa maana wimbi la mita 300 hutambaa na ardhi na kupinda likikutana na kizuizi kisichozidi sana urefu wake. Wimbi la mita 3 huenda karibu sawasawa na macho: pale ambapo mtu aliyekaa juu ya mnara angeweza kupaona kwa darubini, linafika vizuri, nyuma ya kilima linafika likiwa dhaifu, au halifiki. Hata pasipo kilima, dunia yenyewe ina mviringo. Mnara wa mita 100 uliosimama kwenye tambarare humfikia vizuri msikilizaji aliye umbali wa kilomita 40 na kitu, kisha nchi inainama chini ya wimbi. Uuweke mnara uleule juu ya mlima ulioinuka mita 1,000 kuliko nchi inayouzunguka na umbali huo unapita kilomita 130. Ndiyo maana stesheni za Nairobi zinarushia matangazo kutoka nyanda za juu za Limuru, na ndiyo maana ukiona nguzo ndefu yenye taa nyekundu usiku popote Kenya, aghalabu chini yake kuna kilima. Haya yote mtoto wa Nuu anaweza kuyapima kwa miguu. Apewe redio ndogo na daftari, atembee kutoka nyumbani hadi shuleni, aandike mahali stesheni inapopotea na mahali inaporudi. Darasa zima likifanya hivyo, watapata ramani ya kivuli cha kilima, na kwa kuitazama ramani hiyo wataweza kuonyesha mnara uko upande gani bila ya kuambiwa na mtu. Sijui zoezi bora zaidi ya hilo la kuwaonyesha watoto jinsi sayansi inavyofika kwenye jambo lisiloonekana.

Kuna atakayesema huku ni kuwafundisha watoto kasoro badala ya kazi, na kwamba mtoto anapaswa kuelewa kwanza kitu kinavyofaa ndipo aelewe kinavyoshindwa. Katika mambo mengi ningekubali. Baiskeli inajieleza ikitembea: unaona pedeli, mnyororo na gurudumu. Redio haina cha kuonekana. Iko kimya au inaongea, na kati ya hayo mawili kuna ulimwengu mzima uliofichika. Historia ya redio yenyewe imetembea kwa kukwama. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kwamba ishara zake zimevuka Bahari ya Atlantiki, wakati ambapo kwa hesabu za mwanga zilipaswa kwenda moja kwa moja na kupotelea angani. Ni kutolingana huko kulikowafanya Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, mwaka 1902, wapendekeze kwamba huko juu kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi chini. Tabaka hilo lipo. Mchana jua huongeza chini yake utando mwingine unaoyameza mawimbi ya AM. Usiku utando huo hutoweka, mawimbi yakapanda na kurudi mbali sana. Hiyo ndiyo siri ya stesheni za usiku tu, zile lugha ngeni zinazoingia kwenye AM baada ya chakula cha jioni. Na miaka thelathini baadaye, kijana mmoja wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, Karl Jansky, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikiharibu simu za redio. Aliikuta ya aina tatu: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mvumo mdogo usiokatika. Mwaka 1933 alieleza kwamba mvumo huo unatoka katikati ya kundi letu la nyota, Njia Nyeupe. Elimu nzima ya kuitazama anga kwa redio ilianzia kwenye mikwaruzo ya simu.

Nyumba ya mabati ni somo jingine, na hili halihitaji hata kutoka nje. Chuma huzuia mawimbi, ndiyo sababu redio ndani ya nyumba yenye paa na kuta za bati hutaka ikae karibu na dirisha. Mtoto aiweke redio inayoongea ndani ya sufuria kubwa, afunike. Kwa FM, mara nyingi inadhoofika au inakatika. Aiweke ndani ya kibuyu au ndoo ya plastiki: inaendelea. Aizungushe redio ya AM taratibu mezani, kushoto hadi kulia. Kuna upande ambao stesheni inafifia, kwa sababu ndani mna kijiti cheusi chenye waya kinachopokea vizuri kikiwa kimeelekea upande mmoja na vibaya kikiwa kimeelekea mwingine. Akiuvuta mkono wa antena ya FM mpaka karibu sentimita 75, ameufikisha robo ya wimbi la mita 3, na huo ndio urefu unaoipokea stesheni ya 100 FM vizuri zaidi. Kwa nini mafundi huunganisha waya mrefu kwenye antena iliyovunjika na kuutundika mtini, mtoto sasa ana jibu, na pengine ataweza kumwambia fundi kwamba kwa FM urefu wa waya peke yake hautoshi kama waya wenyewe umelala nyuma ya kilima.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba redio ni ya wazee. Mtoto wa leo ana simu, au anaiona ya mzazi wake. Kwa nini tumfundishe chombo cha babu yake? Pingamizi hili lina nguvu kwa mtu asiyejua simu ni nini. Simu ni redio mbili katika kifuko kimoja, moja ya kupokea na moja ya kurusha. Inazungumza na mnara kwa mawimbi ya jamaa ileile, mafupi zaidi tu: kwenye megahezi 900 wimbi ni kama sentimita 33. M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, haijawahi kupeleka shilingi moja kutoka simu ya mtu wa kijijini ila kwa wimbi la redio. Na ushahidi uko mikononi mwa kila mwenye kabambe: ukitaka kusikiliza FM kwenye simu nyingi, simu hukuambia kwanza uchomeke nyaya za masikioni. Wengi hudhani ni hila ya kuwauzia nyaya. Simu inaomba antena, kwa kuwa haina mahali pengine pa kuficha antena yenye urefu wa kutosha. Asiyeielewa redio hataielewa simu, na asiyeielewa simu hukosa kinga dhidi ya uvumi. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu Uingereza walichoma minara wakiamini kwamba 5G ndiyo inayoleta ugonjwa, na maneno hayo yalisambaa hadi huku kwetu, tena kwa simu. Kijana aliyeufahamu uhusiano wa wimbi la redio na mwanga wa kawaida, akajua kwamba wimbi la simu lina nguvu ndogo kuliko mwanga wa taa kwa kila chembe yake, angekuwa na cha kumjibu jirani.

Isitoshe, redio haijazeeka kiasi hicho katika shule zetu. Kati ya mwaka 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya ya wakati huo iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya msingi, kwa msaada wa Marekani. Mwalimu wa redioni aliuliza swali, akanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, akaendelea kana kwamba amewasikia. Mtindo huo ulinakiliwa katika nchi nyingine nyingi. Machi 2020 shule zilipofungwa, taasisi hiyo, sasa KICD, ilirudi kwenye mawimbi ya KBC kupeleka masomo. Tulizungumza sana wakati ule juu ya watoto wasio na redio. Tulizungumza kidogo mno juu ya watoto waliokuwa na redio lakini wako nyuma ya kilima, na hatukuwaambia hata kidogo kwamba kusogea mita hamsini kunaweza kuwa tofauti kati ya somo na mkwaruzo. Somo la jinsi redio inavyoshika lingepaswa kuwa somo la kwanza kabisa kurushwa. Au tuseme, kwa kuwa asingelisikia anayelihitaji, lilipaswa kufundishwa miaka mingi kabla.

Walimu nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Hakuna maabara, mwalimu wa sayansi hakufundishwa umeme wa aina hii, na vitabu vya watoto vya kutoka nje huanza na redio ya kioo cha madini, ile isiyotumia mawe, ambayo mtoto hujitengenezea kwa waya uliozungushwa kwenye chupa. Ni chombo cha kupendeza: kinaendeshwa na nguvu ya wimbi lenyewe. Lakini vitabu hivyo viliandikiwa watoto waliokuwa wakikaa karibu na mitambo mikubwa ya AM. Mwalimu akihangaika kuitengeneza Nuu, ana hatari ya kumaliza muhula bila kusikia hata neno moja, na watoto watajifunza kwamba sayansi haifanyi kazi kwao. Ningemshauri aanze na redio iliyokufa. Kila kijiji kinazo. Aitoe spika, achukue jiwe moja la redio la volti 1.5 na vipande viwili vya waya, aguse ncha za spika mara moja moja. Spika inagonga, na karatasi yake inaonekana ikiruka. Hapo mtoto ameona kwa macho yake umeme ukigeuka kuwa sauti, na nusu ya redio imekwisha kuelezwa kwa kitu kilichokuwa kinangoja kutupwa. Nusu ya pili ni radi, sufuria na kilima.

Kuna jambo moja ambalo mbinu hii haiwezi kulifanya, nami sitaki kulificha. Mtoto akiuliza ni nini hasa kinachotikisika kati ya mnara na antena, ikiwa si hewa, mwalimu hana cha kumwonyesha. Atasema ni nguvu za umeme na za sumaku zikizaana moja kutoka nyingine, kama James Clerk Maxwell alivyoonyesha kwa hesabu katika miaka ya 1860 na Heinrich Hertz akathibitisha kwa cheche chumbani mwake kuanzia 1887, na mtoto atabaki na kiu. Ni afadhali kiu hiyo kuliko ule uongo wa sauti kusafiri hewani. Wengine hupenda kutupia hapa mfano wa jiwe linaloangushwa kwenye kidimbwi. Siupendi. Unamrudisha mtoto kwenye wazo kwamba lazima pawe na kitu cha kutikiswa, na kwa mtoto wa nchi ambayo mito yake kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, ni mfano wa kuazima. Yote haya yaanze kwa Kikamba katika gredi za kwanza, kama sera ya elimu inavyoruhusu. Mkwaruzo, kivuli cha kilima na radi havihitaji kusubiri Kiingereza cha mtihani.

Nimesema redio ifundishwe pale inapokwama, na kukwama si kwa vilima pekee. Tarehe 30 Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alipokula kiapo Uhuru Park, matangazo ya televisheni za Citizen, NTV na KTN yalizimwa na serikali. Kamera zilikuwa zikifanya kazi, watangazaji walikuwa vitini, na wenye intaneti waliendelea kuwatazama. Kilichokatwa ni wimbi. Mahakama Kuu iliagiza matangazo yarudishwe, na ilichukua siku kadhaa kabla ya kurudi. Mtu anayedhani kwamba kituo cha matangazo ni ile studio yenye picha na maikrofoni hawezi kuelewa kilichotokea siku hiyo. Aliyefundishwa tofauti ya studio na mnara anaelewa mara moja kwamba mwenye mnara ndiye mwenye neno la mwisho, na kwamba aliyekaa nyuma ya kilima na aliyezimiwa mtambo wote wawili hukosa matangazo, kwa sababu mbili zisizofanana. Nitaambiwa kwamba hiyo ni siasa, haina nafasi katika somo la sayansi la watoto. Lakini ni fizikia inayoleta siasa hapo. Nafasi kati ya 87.5 na 108 ni finyu, stesheni mbili za jirani haziwezi kukaa mahali pamoja bila kuingiliana, kwa hiyo lazima awepo mgawaji. Kenya mgawaji huyo ni Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya sheria ya mwaka 1998. Mwanafunzi wa gredi ya 8 anayejua kwa nini lazima mgawaji awepo anaweza pia kuuliza anagawa kwa misingi gani.

Tena anaweza kujua kwamba mnara si lazima uwe wa kampuni ya Nairobi wala wa serikali. Upande wa Makueni, Radio Mang'elete ilianzishwa na vikundi vya wanawake vya huko vilivyotaka kusikika kwa lugha yao juu ya mambo yao, na sheria inatambua redio za jamii za namna hiyo kama aina yake peke yake. Kikundi kinachofikiria jambo kama hilo mashariki ya Mwingi kitahitaji pesa na leseni, lakini kabla ya hapo kitahitaji mtu anayejua kwamba nguzo ya mita 30 kwenye tambarare itawafikia vizuri watu wa kilomita 20 na kitu tu, kwamba ikipandishwa kilimani itafika mbali zaidi, na kwamba popote itakapowekwa kuna vijiji vitakavyobaki upande wa kivuli, ambavyo ni vizuri vijulikane kwa majina kabla saruji haijamwagwa.